Chuma Ambacho Sumaku Haikukiona

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, katikati ya miaka ya themanini, nilirudi Malindi na sanduku la bati ambalo nusu yake ilikuwa karatasi. Chini kabisa, ndani ya soksi, nilikuwa nimeficha kipande cha metali chenye ukubwa wa tende. Kilikuwa mali ya maabara. Nilikiiba siku ya mwisho, na wizi huo ndio jambo pekee la ujasiri nililolifanya katika miaka mitatu ya kusoma fizikia.

Kazi yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa kupima usumaku wa aloi za chuma na alumini. Nilipewa vipande kadhaa, kila kimoja kikiwa na kiasi chake cha alumini, nikaambiwa nipime kila kimoja kinavutwa na sumaku kwa nguvu gani. Ilikuwa kazi ya kuchosha: unaning'iniza, unasoma mizani, unaandika, unashusha, unaning'iniza tena. Matokeo yenyewe yanaelezeka kwa dakika moja. Alumini ikiwa kidogo, chuma kinabaki chuma, sumaku inakirukia. Ukiongeza alumini, mvuto unapungua taratibu. Ukikaribia mahali ambapo katika kila atomu tatu moja ni ya alumini, mvuto unaporomoka, na mbele kidogo ya hapo unakwisha. Unashika mkononi kitu ambacho zaidi ya nusu yake ni chuma, unakisogezea sumaku, na sumaku inapita kama inavyopita juu ya ukuni.

Kipande changu cha kwenye soksi kilikuwa kimojawapo cha vile vilivyokufa, visivyovutwa kabisa. Lakini nilipokikwaruza kwa tupa ili nipate unga wa kupimia, unga ule ulirukia sumaku. Mhadhiri wangu aliutazama akasema ni chembe za tupa. Nikasafisha kila kitu, nikarudia, unga ukaruka tena. Akasema ni chembe za tupa, na kwamba ripoti inatakiwa Ijumaa. Nikaliacha jambo lile nje ya ripoti. Ndiyo maana nilikichukua kile kipande. Nilijiambia kwamba siku moja nitapata muda.

Muda niliupata Malindi, mwingi kuliko nilivyoutaka. Nilikuwa nangoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Kila Jumatatu na Alhamisi nilikwenda posta, nikarudi mikono mitupu, na kufikia wiki ya tano karani hakuinua kichwa tena. Alitikisa kalamu tu. Mama alikuwa amehamia Mombasa kwa dada yangu, kwa hiyo nilikaa kwa mjomba, nyuma ya mji, alikokuwa na banda la kusubu alumini. Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina ndani ya umbo la mchanga. Mjomba alisubu sufuria, mifuniko, miiko, na chochote kilichovunjika ambacho watu hawakuweza kukipata kingine.

Siku ya kwanza nilimkuta amechuchumaa mbele ya tanuri, kanzu ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote."

"Basi shika koleo. Kuna kidogo alichokibakisha Mungu."

Nilishika koleo. Sikuwa na lingine la kufanya, na nadhani alilijua hilo. Banda lilikuwa na joto ambalo halikuisha hata tanuri lilipozimwa. Makaa yalitoka Ganze kwa lori, mchanga mlangoni mwa mto Sabaki, udongo wa kuushikamanisha mchanga ulitoka Kakuyuni. Jungu la kuyeyushia lilikuwa nusu ya chini ya mtungi wa gesi, chuma kinene. Mjomba alifanya kazi bila haraka na bila kueleza, na mimi, niliyekuwa nimefundishwa kwamba kisichoelezeka hakistahili kuaminiwa, nilianza kuuliza.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa alichovya brashi ya makumbi ndani ya mkebe wa chokaa, chokaa yetu ya matumbawe yaliyochomwa, akalipaka jungu ndani mpaka likawa jeupe kama kikombe. Kisha akaliweka juani likauke. Saa nzima ilipotea hapo.

"Kwa nini unapaka?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Aliyekufundisha alijuaje?"

"Alifundishwa."

"Na yule wa kwanza?"

"Wa kwanza hakuwa na mpwa wa kumsumbua."

Lingine lilikuwa kile alichokiita kidole. Kabla ya kumimina, alichomeka kidole chake cha shahada ndani ya mchanga mbichi, akakichomoa, na katika tundu lile akamimina metali kidogo. Ilipoganda aliitoa kwa koleo, akaipoza majini, akaikunja kwa mikono miwili. Ikikunjika kama waya mnene, alisema bismillahi akamimina. Ikikatika kama biskuti, aliuangalia mkato. Akiona vijisindano vinavyometa, alikunja uso, akatupa alumini safi zaidi ndani ya jungu, akaanza upya. Kuna siku tulianza upya mara tatu, na jua likatuzamia bila kufanya kitu.

Nilimwambia kwamba kipimo kile si kipimo. Kinategemea nguvu za mikono yake siku hiyo, macho yake, labda hata chai aliyokunywa. Nikamuuliza vijisindano vile ni nini. Akasema ni chuma kilichoingia mahali pasipo pake.

"Kama wasiwasi wako ni chuma," nikasema, "kwa nini usikiulize kitu kinachokijua chuma?"

Nilitoa sumaku katika spika ya redio iliyokufa, sumaku nzito ya duara. Nikaipitisha juu ya rundo la vyuma chakavu, ikaibuka na boliti, pete za pistoni, misumari, hata kipande cha wembe. Mjomba alicheka. Nikamwonyesha namna ya kudondosha tone la metali juu ya kigae, kulisubiri ligande, na kulisogezea sumaku. Lisipovutwa, hakuna chuma. Sekunde tano. Hakuna kidole, hakuna mkato, hakuna sindano.

"Na chokaa?" akauliza.

"Chokaa ya nini? Kama jungu linaingia ndani ya metali, sumaku itatuambia."

Mjomba aliuangalia mkebe wake wa chokaa. Magoti yalikuwa yanamuuma mwaka ule, na kifua pia. Nadhani alikubali nusu kwa uchovu na nusu kwa fahari, maana aliwaambia majirani kwamba banda lake sasa linaendeshwa kwa digrii. Mkebe wa chokaa ukasogezwa pembeni. Kwa mwezi na zaidi tulisubu mifuniko na miiko, kazi ikaenda mbio, na hakuna aliyerudi kulalamika. Mfuniko hauna kazi ngumu duniani. Hilo sikulifikiria.

Kisha akaja mama mmoja kutoka upande wa Ganze, aliyepanda lori la makaa. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, leso mbili zimefungwa sawasawa, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chake. Alikaa juu ya gogo bila kukaribishwa, akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kisahani cha metali chenye mbawa zilizopinda kama pangaboi, zimelika mpaka zikawa nyembamba kama maganda.

"Hii ndiyo roho ya pampu," akasema. "Inazunguka ndani, inasukuma maji kutoka bwawani mpaka kwenye tangi. Mchanga umeitafuna."

Mjomba aliligeuza lile pangaboi mikononi. "Jipya hawana?"

"Wanasema liagizwe ng'ambo. Miezi minne. Miezi minne, fundi, utatukuta tumekauka kama omena."

"Na sasa mnachota wapi?"

"Kwenye mkondo wa mto. Umekauka, tunafukua mashimo kwenye mchanga. Unatoka hujapambazukiwa, unarudi jua liko utosini, na dumu moja. Wengine wana mimba. Bwawa lina maji, tunayaona, lakini lile bonde si la kupanda na dumu kichwani kila siku, na ng'ombe wanakunywa humo humo. Kule tangini yanachujwa." Akatazama tanuri. "Utaweza?"

"Inshallah. Siku mbili."

Mjomba alijaza nta mahali palipolika, akazichonga mbawa kwa kisu kidogo mpaka zikarudi katika unene wake, akaligandamiza pangaboi katika mchanga kwa upole ambao sikuuona akiutumia kwa kitu kingine. Nilikumbuka maabara, jinsi tulivyoshika vifaa kama watu wanaongoja kengele. Siku ya pili tuliyeyusha. Jungu lilipoanza kuwa jekundu na metali ikatulia kama kioo, mjomba alisogea kwenye kisanduku cha mchanga, akanyoosha kidole chake cha shahada, akakichomeka.

Nakumbuka kidole kile ndani ya mchanga. Alikiacha humo, akaniangalia.

Nilidondosha tone juu ya kigae, nikasubiri, nikalisogezea sumaku. Halikutikisika.

"Safi," nikasema.

Akachomoa kidole, akakipangusa kwenye kanzu, akalifukia lile tundu. Akamimina.

Mama yule alilichukua pangaboi akilikumbatia kama mtoto, likiwa bado na vumbi la tupa. Zilipita siku tisa. Niliendelea kwenda posta. Siku ya kumi lori la makaa lilisimama mbele ya banda, akashuka mama yule, na safari hii hakukaa. Aliifungua leso akiwa amesimama. Vipande vitatu.

"Siku nne, fundi. Siku nne lilizunguka, watu wakafua nguo zote walizo nazo. Siku ya tano likapiga kelele moja kama kuku aliyekanyagwa, basi."

Mjomba alichukua kipande kimoja, akautazama mkato, akanipa. Mkato ulikuwa umejaa sindano, nyembamba, zinameta, zimepishana kama mabua. Hata mtu asiyejua kitu angeziona. Mkono wangu ulikwenda mfukoni, ukatoa sumaku, ukaigusisha. Haikushika. Nikajaribu upande mwingine.

"Huyu anafanya nini?" mama akauliza.

"Anapima," mjomba akasema.

"Anapima kilichokwisha kuvunjika?"

Mjomba alikuwa amekwisha kuinuka, mkono kwenye goti.

"Kosa langu, mama," akasema. "Jungu langu, banda langu. Nipe siku tatu. Sitaki kitu."

"Kosa lako nitawaambia nini wenye madumu? Waliniuliza, huyo fundi unamjua? Nikasema namjua, alimsubia baba yangu kengele ya ng'ombe. Sasa wananitazama." Akakunja leso. "Siji kuchukua tena. Mtalileta wenyewe na mtalifunga wenyewe. Mimi sibebi tena kitu nisichokijua."

Akarudi kupanda lori. Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikuwa nimefumbua mdomo. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali kila mahali, msikitini, mezani, posta, na siku ile palipohitajika sentensi moja fupi, ilinishinda.

Nilikwenda chumbani nikalifungua sanduku. Ripoti ilikuwa juu. Ukurasa wa kumi na tisa kulikuwa na mchoro nilioutengeneza mwenyewe kwa wino mweusi: mstari unaoshuka kidogo kidogo, kisha unaanguka, kisha unalala juu ya sifuri. Chini yake niliandika, kwa lugha ya kitaaluma niliyoionea fahari, kwamba kutovutwa na sumaku si ushahidi wa kutokuwepo kwa chuma. Niliisoma sentensi ile mara mbili. Mwandishi wake nilikuwa mimi.

Nilirudi bandani nikalipindua jungu. Ubavu wake, uliokuwa mnene kama kidole gumba, ulikuwa umeliwa mpaka mahali pengine unabonyea ukiugonga. Chini kulikuwa na gamba gumu la kijivu. Nikalibandua kwa patasi, nikapitisha sumaku juu ya gamba. Kimya. Alumini ya moto inakila chuma, inakiyeyusha polepole, na kile kinachozaliwa humo sumaku haikitambui. Chokaa ndiyo iliyokuwa inazuia hayo yasitokee, na kidole ndicho kilichokuwa kinatambua yakishatokea. Nilikuwa nimeviondoa vyote viwili, kwa sababu hakuna aliyeweza kunieleza.

Nilimwambia mjomba. Alisikiliza akiwa anachambua mchanga, hakukasirika, na hilo lilinichosha zaidi.

"Kwa hiyo chuma kipo, lakini sumaku haikioni."

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Nikaleta soksi. Nikamwekea kile kipande kiganjani, nikamwambia zaidi ya nusu yake ni chuma. Akakijaribu kwa sumaku. Hakuna kitu. Akakiuma kwa jino. Akauliza kama kuna lingine, nikamweleza habari ya unga na tupa, jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu tangu niondoke chuoni. Akaweka kipande juu ya fuawe, akakiponda kwa nyundo mpaka kikapasuka vipande, vipande vikawa changarawe. Akasogeza sumaku. Changarawe ikaruka ikaganda juu yake kama ndevu.

Nilitabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Hizo ni chembe za nyundo," akasema.

Nilitaka kulia. Lakini mjomba alikuwa anatafuta kitu nyuma ya tanuri. Alirudi na mawe mawili ya matumbawe, akayapangusa, akachukua punje kubwa iliyobaki, moja ambayo sumaku bado ilikuwa inaidharau, akaisaga kati ya mawe yale, taratibu, mpaka ikawa unga. Akasogeza sumaku. Unga ukaruka.

"Aa," akasema. "Kumbe kweli. Mwalimu wako alikosa mawe?"

"Alikosa muda."

"Na wewe?"

Akaniuliza kwa nini inakuwa hivyo. Nikamwambia nilichokuwa nimekisoma: kwamba metali ile ikipoa polepole, atomu zinajipanga kwa utaratibu, kila ya chuma imezungukwa na za alumini, haigusani na mwenzake, na usumaku unahitaji atomu za chuma zigusane. "Kama wageni harusini. Ukimkalisha kila mmoja kati ya asiowajua, ukumbi unanyamaza. Ukivuruga viti, ndugu wanakutana, makelele yanaanza. Kukiponda ni kuvuruga viti."

"Basi nikitaka kujua kama metali yangu ni mbovu, niisage kwanza?"

"Hapana. Iliyojaa alumini kama yetu haiamki hata ukiisaga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uikunje, mjomba."

"Ehe," akasema, akarudi kwenye mchanga wake.

Tulikata mtungi mwingine uwe jungu. Nilipaka chokaa mimi mwenyewe, mara mbili, nikakaa nalo juani mpaka likakauka. Lakini rundo letu la metali lilikuwa limekwisha kuharibika, maana mabaki yote ya mwezi ule tulikuwa tumeyarudisha humo. Kidole cha kwanza kilikatika kikiwa bado na mvuke. Cha pili vilevile. Mkaza mjomba, mke wake, aliyekuwa anatutazama kutoka mlango wa jikoni, aliingia ndani akarudi na sufuria zake mbili kubwa za pilau, za bati laini la alumini, akaziweka miguuni pangu.

"Ponda," akasema. "Chuo kikuu kimekula kila kitu, acha kile na hizi."

Nilizikunja kwa nyundo. Tuliziyeyusha pamoja na pistoni tulizozitoa pete moja moja. Kidole cha tatu mjomba alikikunja, kikapinda, kikaendelea kupinda mpaka kikawa kama ndoano, hakikukatika. Hakusema safi. Alisema bismillahi. Pangaboi lilipotoka mchangani, alifunga kidole kile pamoja nalo ndani ya gunia.

"Magoti yangu hayapandi lori," akasema. "Utakwenda wewe."

Lori la makaa hurudi Ganze tupu, na anayepanda nyuma hushuka akiwa na rangi ya mzigo uliotangulia. Nilishuka pale kijijini jua likiwa kali, nimejaa vumbi jeusi, gunia begani. Madumu matupu yalikuwa yamepangwa kwenye mstari mrefu karibu na tangi, ya manjano, mengine yamefungwa vizibo vya magunzi, na wenyewe walikuwa wamekaa chini ya kivuli chembamba cha tangi lile lile. Wachache walikuwa ndio kwanza wanarudi kutoka mkondoni. Mmoja alitua dumu lake, akakaa chini, hakuomba maji.

Mwenyekiti aliniona. "Mjomba wako yuko wapi?"

"Magoti, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Lete."

"Kwanza nina neno," nikasema. Nilikuwa nimelipanga njia nzima, na kila tuta la barabara lilikuwa limelivuruga. "Kosa halikuwa la mjomba. Alitaka kuipima metali kwa namna yake, mimi nikamzuia. Nikamwambia sumaku inatosha. Haikutosha. Na mimi nilijua haitoshi, nilisoma hivyo, niliandika hivyo, ila sikuliunganisha na jungu lililokuwa mbele yangu."

Mtoto alikohoa mgongoni kwa mtu.

"Hebu nielewe," mwenyekiti akasema. "Ulisoma kwamba sumaku haioni."

"Ndiyo."

"Halafu ukaenda kuiuliza sumaku."

"Ndiyo, mama."

Mwanamke aliyetua dumu akacheka, si kwa furaha. "Mulungu! Na huyu ndiye aliyefaulu. Waliofeli wakoje?"

Kicheko kikapita kati yao, kifupi, kikaisha. Mwenyekiti hakucheka. Alinyoosha mkono akalipokea pangaboi, akaligeuza kama mjomba alivyokuwa ameligeuza lile la kwanza.

"Na hili unajuaje ni zima?"

Swali lile nilikuwa nimewauliza watu wengi. Sikuwahi kulisikia likija upande wangu kutoka kwa mtu aliyetembea saa nne siku hiyo.

Nikatoa kidole ndani ya gunia. "Hii ni metali ile ile, imemiminwa saa ile ile. Imekunjwa, haikukatika."

"Imekunjwa na nani?"

"Na mjomba."

"Mimi sikuwepo."

Nikampa. Aliweka ile ndoano juu ya goti lake, akainyoosha kwa mikono yote miwili. Mishipa ilimtoka. Ikanyooka. Akaikunja tena, akainyoosha tena. Safari ya tatu ikaanza kupasuka upande mmoja, na aliposukuma mara nyingine ikaachana, polepole, kama mti mbichi. Aliusogeza mkato machoni, kisha akampa yule aliyecheka, naye akampa mwenzake, ukazunguka wote.

"Haimeti," mmoja akasema.

"Haimeti," mwenyekiti akakubali. "Lile lilikuwa linameta kama sukari. Haya, funga."

Tulishuka bwawani. Nililifunga huku wanne wamesimama juu yangu, na kila boliti niliyoikaza mtu aliuliza kama imekaza. Injini iliwashwa kwa kamba, ikagoma, ikawashwa tena. Bomba lilitetemeka, likakohoa hewa, na baada ya muda kelele za madumu zilisikika kutoka juu kwenye tangi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikuwa wamepiga vigelegele mara ya kwanza.

Nikapangusa mikono nikauliza lori linarudi saa ngapi.

"Lori gani?" mwenyekiti akasema. "Pangaboi la kwanza lilivunjika siku ya tano. Wewe utakaa hapa siku tano."

Nikakaa. Nililala katika stoo ya kanisa, juu ya magunia, na mchana nilikaa kando ya pampu nikiisikiliza, maana hakuna kifaa kingine nilichokuwa nacho. Sumaku niliiacha Malindi. Nilijifunza sauti yake ilivyo mafuta yakipungua na ilivyo mchanga ukiingia, na kila ilipobadilika niliinuka kuitazama. Walinipa ugali na mchicha, wakaniita profesa, wakanituma kubeba madumu ya wajawazito. Siku ya tano sikula. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka mwenyekiti mwenyewe akaja kuizima, jua likiwa limelala, akautia mkono wake juu ya pampu kama anayepima homa.

"Kesho utaiwasha wewe," akasema.

Asubuhi ya siku ya sita niliiwasha. Pangaboi likazunguka. Mwenyekiti alisimama akasikiliza mpaka tangi likaanza kumwaga, kisha akanionyesha kwa kidevu lori lililokuwa linapakiwa magunia ya makaa barabarani.

Nilimwomba vipande vya kidole nimrudishie mjomba. Akafungua pindo la leso, akanipa kimoja. Kingine alikifunga tena.

"Hiki kinabaki," akasema. "Atakuja fundi mwingine, nimwonyeshe."